Ombi la Kufungwa kwa Heshima Kabla ya Jumamosi

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Mpira wa Miguu,
Makao Makuu, ghorofa ya tatu (lile jengo ambalo lifti yake hupumzika).

Yahusu: Timu yenu ya wasichana kuendelea kushinda bila taarifa

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu huko ughaibuni uliko na timu, na uwafikishie pia wajumbe wote wa msafara, ambao nasikia ni wengi kuliko wachezaji. Barua hii naikabidhi kwa katibu wako, naye ameahidi kuipiga picha na kukutumia kwa simu, mradi nisimwambie mtu kwamba nilimkuta amevua viatu ofisini.

Mimi ni mwokaji mikate. Tanuri langu liko nyuma ya soko, mlango wa bluu. Hatufahamiani sana, ila tulipeana mikono siku ya kuwaaga wasichana uwanja wa ndege, ukaniambia, "Hongera mzee, umezaa." Ndiye mimi. Mwanangu ndiye golikipa wa timu yako ya wasichana walio chini ya miaka kumi na saba. Nchi nzima sasa inamwita Gundi. Hapa mtaani tulikuwa tunamwita hivyo kwa amani kabla hamjatuchukulia jina.

Mke wangu alinikataza kuandika nikiwa na hasira. Nimezisubiri zipungue, zimegoma, basi nimeamua kuandika kwa adabu nikiwa nazo hivyo hivyo.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi hii binti yangu mkubwa anaolewa. Jumamosi hiyo hiyo, huko mliko, ni siku ya fainali ya mashindano ya dunia. Gundi ndiye msimamizi wa dada yake, na hawezi kuwa golini na ukumbini kwa wakati mmoja, ingawa kwa anavyoruka siku hizi wapo majirani wanaoamini anaweza. Keshokutwa mnacheza nusu fainali. Naomba mfungwe.

Tafadhali usiitupe barua. Sababu ninazo, na nimezipanga kwa namba ili zisikuchoshe.

1. Mmevunja ahadi. Siku ile uwanja wa ndege ulishika kipaza sauti ukasema mbele ya wazazi, waandishi wa habari na wapagazi wa mizigo: "Tunakwenda kujifunza na kupata uzoefu." Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwako, nilisikia vizuri. Ndugu Mwenyekiti, mimi nimezishabikia timu za nchi hii tangu nina nywele kichwani, na lugha ya viongozi wa mpira naijua kuliko lugha ya mama mkwe wangu. Kiongozi akisema tunakwenda kupata uzoefu, maana yake ni kwamba tutacheza mechi tatu, tutafungwa zote, nahodha atalia, wewe utasema kulikuwa na baridi, na timu itakuwa nyumbani kabla nguo zao zilizoachwa kwenye kamba hazijapauka. Sisemi kwa ubaya. Ndiyo desturi yetu na tumeizoea, na maisha ya watu wengi yamepangwa kwa kuitegemea.

Basi nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa meneja wa ukumbi, nikachukua Jumamosi hii. Hata nikaacha wiki nzima ya tahadhari, endapo ndege itachelewa au mizigo itapotea kama ilivyopotea ile ya timu ya wanaume. Meneja aliniuliza, "Una hakika mzee? Ukumbi wangu ukishaushika huuachii." Nikamjibu kwa kujiamini kwamba ninalo neno la Mwenyekiti mwenyewe. Sasa nikipita mbele ya ukumbi ule meneja ananitazama kwa huruma, na mimi huruma ya meneja wa ukumbi sijaizoea.

2. Mlianza vizuri kisha mkaharibu. Mechi ya kwanza mlifungwa mabao matatu bila. Sitaficha kwamba lile la tatu liliniuma, kwa sababu mpira ulipita kwenye vidole vya mwanangu na nikamwona ameinama anaiangalia mikono yake kana kwamba si ya kwake. Lakini nilijikaza. Nilimwambia mke wangu mambo yanakwenda kama yalivyopangwa, akalitoa gauni la usimamizi kabatini akaanza kulipiga pasi.

Mechi ya pili mkatoka sare. Nikasema hiyo ni ajali. Mechi ya tatu mkashinda kwa bao la yule winga mdogo anayekimbia kama aliyeacha sufuria motoni. Nikasema ajali hutokea mara mbili. Hapo ndipo kinyozi jirani yangu, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, alipoingia na habari kwamba mmeshika nafasi ya tatu kwenye kundi na kwa hiyo mnaendelea mbele. Nilimwomba arudie. Timu zipo nne, unashika nafasi ya tatu, halafu unaambiwa umefaulu? Utaratibu huo ungekuwepo shuleni kwetu, leo mimi ningekuwa daktari wa moyo.

Mechi iliyofuata mkashinda tena. Mke wangu akalirudisha gauni kabatini bila kusema neno. Mwanamke huyu, Ndugu Mwenyekiti, huwa anasema.

3. Kazini kwangu mambo yanakwenda mrama. Mbele ya mlango wangu kuna mtaro mpana, na pikapu ya kusambazia mikate haiwezi kuuvuka. Kuzunguka na matrei hadi kwenye daraja ni kuichosha mikate na watu. Kwa hiyo sisi tunarusha. Nasimama mlangoni na mafurushi ya mikate iliyofungwa kwenye nailoni, narusha ng'ambo, na mtu aliye nyuma ya pikapu anadaka na kupanga. Tangu alipokuwa na kimo cha tairi, mtu huyo amekuwa Gundi. Alidaka ya juu, alidaka ya chini, alidaka yaliyopinda kwa sababu nilikuwa nabishana na mteja. Hajawahi kuangusha, na jina lake lilianzia hapo. Kwa hiyo mnapomsifu kocha wa magolikipa kwenye televisheni, mkumbuke kuna mtu mwingine huku bega linamuuma.

Alipoondoka, nafasi yake ilichukuliwa na bwana harusi mtarajiwa, aliyejitolea mwenyewe. Ni fundi friji, kijana mwenye moyo mzuri na mikono ya mtu aliyezoea vitu visivyosogea. Nikirusha anafumba macho. Siku ya kwanza mikate iliyofika kwenye pikapu ilikuwa michache kuliko iliyofika mtaroni. Bata wa jirani wamenenepa hadi wanatembea kwa vituo, na mwenye bata amekuja kunishukuru. Nilipokubali kupata uzoefu sikujua kwamba bata wangekuwemo.

4. Wateja wameharibika. Hakuna anayetaka kupewa mkate mkononi tena. Wanarudi nyuma hatua kadhaa, wanapanua miguu, wanasema, "Rusha mzee." Juzi mwanamke wa makamo, mhasibu, mtu wa miwani na mkoba, alirushiwa mkate akaukosa, ukampita begani ukaingia barabarani, na yeye mwenyewe akapaza sauti, "Goooo!" Akanunua mwingine. Biashara si mbaya kwa upande huo, nakiri, lakini heshima ya mkate imeshuka.

5. Redio. Kinyozi huyu ana maelezo tayari kwa kila aina ya kufungwa. Anayo ya mwamuzi, ya nyasi, ya jezi kubana, ya kocha kutomsikiliza yeye. Ya kushinda hana hata moja. Wiki hii amekuwa akisimama na mkasi juu ya kichwa cha mtu, anasema, "Yaani... yaani..." kisha anakaa kimya hadi mteja anasinzia. Mlimpeleka mwanangu ughaibuni bila kufikiria wataalamu mtakaowaacha bila kazi.

6. Bibi harusi. Hapa naomba usome polepole.

Binti yangu mkubwa ametangaza, "Bila Gundi mimi siolewi." Hakusema kwa kulia. Alisema huku anachambua mchele, na ndiyo maana niliogopa. Hawa wawili wamelala kitanda kimoja tangu mdogo alipoachishwa ziwa. Huyu mkubwa ndiye mshambuliaji wa kwanza aliyewahi kumpigia Gundi shuti, pale kwenye korido yetu, kwa mpira uliotengenezwa kwa gunia la unga, goli likiwa mlango wa choo. Shangazi yao alishafungiwa humo ndani hadi mechi ikaisha. Walikubaliana tangu wakiwa wadogo kwamba anayetangulia kuolewa atasimamiwa na mwenzake. Hawakutuambia wazazi, walikubaliana tu, na sasa hakuna wa kuwabadilisha.

Upande wa pili yuko mama wa bwana harusi. Ni mwalimu mkuu mstaafu na bado tunamwita Mwalimu Mkuu, maana hakuna aliyethubutu kumwita vingine. Maisha yake yote ya kazi amepiga kengele kwa wakati. Nilikwenda kwake nimevaa koti, nikamweleza hali. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mzazi mwenzangu, tarehe ni tarehe. Mwanafunzi mmoja hayupo, hatusimamishi mtihani." Nikatoka nimeshika koti mkononi, sikumbuki nililivua saa ngapi.

Kwa hiyo mmoja hataki harusi bila mdogo wake, na mwingine hataki harusi siku nyingine. Katikati yupo kijana fundi friji, aliyekonda hadi suti aliyoshonewa imekuwa ya watu wawili. Anampenda binti yangu, naona kwa jinsi anavyofumba macho na bado anakuja kila asubuhi kudaka mikate. Mkishinda keshokutwa, Ndugu Mwenyekiti, ninyi mtapata fainali na mimi nitapoteza mkwe.

7. Robo fainali. Hili limeniumiza kwa namna yake. Televisheni ya tanuri letu iko juu ya magunia ya unga, na siku ile mtaa mzima ulikuwa ndani, hadi wengine wamekalia matrei. Mimi nilikaa nyuma kabisa, na moyoni nilikuwa upande wa wapinzani. Sikumwambia mtu. Dakika zote mpira ulivyokwenda na kurudi niliwaombea watoto wa watu wale heri na mabao. Hawakuyapata. Mkafika kwenye mikwaju ya penalti.

Binti mmoja wao akaja, akauweka mpira. Nikamwombea. Ndipo televisheni ikaonyesha uso wa mwanangu kwa karibu. Alikuwa ameung'ata mdomo wa chini, upande wa kushoto, kama anavyofanya nikimrushia furushi kabla hajajiandaa. Ndugu Mwenyekiti, mikono yangu ilinyanyuka yenyewe. Mzee mzima nikaruka kulia, nikatua juu ya gunia la unga, likapasuka. Kule nako akaruka kulia. Akadaka.

Nilisimama mweupe kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. Nikawaambia nilikuwa nakamata panya. Watu walicheka hadi penalti iliyofuata, ambayo pia aliidaka, na tanuri zima la mikate likaungua huku mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumkumbatia Redio. Unaona mlipomfikisha mtu? Nimeshindwa hata kuwa msaliti wa kuaminika.

8. Nilijaribu kulimaliza kifamilia. Nilimpigia simu Gundi, nikamweleza kwa upole kwamba si lazima mtu adake kila kitu. Kwamba hata makipa wakubwa huachia. Akasema, "Baba, unaniambia niachie?" Nikasema si kila siku, mara moja tu, keshokutwa, na iwe kwenye kona ya juu ili isijulikane. Akacheka. Nyuma yake nikasikia wasichana wengine nao wanacheka, kumbe simu ilikuwa inasikika chumba kizima. Yule winga wa sufuria alinisalimia, "Shikamoo mzee wa kona ya juu." Nasikia jina hilo sasa limefika hadi kwa daktari wa timu.

Kisha Gundi akauliza dada yake anaendeleaje, na sauti yake haikuwa ile ya kwenye televisheni. Akasema, "Mwambie dada sijasahau. Nikiwaza penalti silii, ila nikiwaza Jumamosi najifungia chooni." Nikamwambia gauni lake liko kabatini. Akasema, "Nikilia hapa kocha ataniuliza, baba, tuongee mikate." Basi tukaongea mikate. Nikamweleza habari za bata.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Mtoto wa miaka kumi na sita asibebeshwe kuchagua, wakati kuna kamati nzima ya utendaji imekaa hotelini haina kazi.

9. Mshindi wa tatu. Nilikuwa nimeshafika mwisho wa barua, kalamu nimeifunika, alipoingia Redio akanieleza kwamba hata mkifungwa nusu fainali hamrudi nyumbani. Eti mnabaki mcheze na waliofungwa wenzenu, siku ile ile ya Jumamosi, kutafuta mshindi wa tatu. Nilikaa chini. Mshindi wa tatu wa nini, Ndugu Mwenyekiti? Kwenye harusi kuna bwana na kuna bibi. Hakuna anayeshika nafasi ya tatu, na akiwepo ndoa hiyo haifiki mbali.

Kwa hiyo ombi langu la mwanzo nalifuta na kuleta lingine kubwa zaidi. Kufungwa hakutoshi. Naomba mfukuzwe mashindanoni.

Sitaki iwe kwa aibu, nataka kosa dogo la kiofisi ambalo kila mtu ataliamini. Mnaweza kuingiza wachezaji kumi na wawili uwanjani mkasema mlihesabu vibaya. Mnaweza kuvaa jezi za rangi ya mwamuzi. Mnaweza kumwandikisha mpishi kuwa mshambuliaji. Ofisi yenu iliwahi kuipeleka timu nchi nyingine kabisa na mechi ikachezwa bila sisi, kwa hiyo siombi jambo lililo nje ya uwezo wenu. Nyumbani mtapokewa kwa huzuni ya kawaida, wewe utasema mlijifunza mengi, na kwa mara ya kwanza itakuwa kweli.

10. Endapo yote hayo yatashindikana, basi mlioleta tatizo mlete na msimamizi. Nimelifikiria kwa makini na naona anayefaa ni wewe. Msafara wenu una wajumbe wengi. Mmoja akirudi hakuna atakayegundua. Gauni lipo, rangi ya krimu, na mke wangu yuko tayari kulipanua kiunoni na kulifupisha. Tutumie vipimo vyako kupitia kwa katibu. Kazi yenyewe si ngumu: utasimama kushoto kwa bibi harusi, utamshikia maua, utamrekebishia shela ikipepea, na wakati wa kiapo utalia, lakini kwa staha, kwa sababu Gundi angelia. Baadaye utacheza muziki na msimamizi wa bwana harusi, ambaye ni fundi bomba na ana nyayo pana. Binti yangu nimemweleza pendekezo hili. Hakulikataa. Alitoka nje tu, na nikamsikia anacheka kwa mara ya kwanza tangu robo fainali.

Ulisema unakwenda kujifunza. Hilo nalo ni somo.

Nategemea hekima yako, na zaidi nategemea uzembe wa ofisi yako, ambao haujawahi kuniangusha hadi mwezi huu.

Nisalimie kocha, yule mama asiyekaa chini. Mwambie asipokaa magoti yatamdai. Nisalimie daktari wa timu na umwambie ni kweli, mzee wa kona ya juu ni mimi. Nisalimie mpishi, dereva wa basi, na wale wasichana wote ambao majina yao nimelazimika kuyajua. Winga mdogo nisalimie mara mbili, na mpunguzeni mbio. Nisalimie pia mlingoti wa kushoto wa uwanja wa robo fainali, ambao ulizuia shuti moja ingawa sikuuomba. Huku wote hawajambo: mke wangu, bibi harusi, fundi friji na Redio. Bata ndio hawajambo kuliko wote.

Wako katika masikitiko na matumaini ya kufungwa,

Baba Gundi,
mwokaji, mlango wa bluu.

Nyongeza:

Ndugu Mwenyekiti, barua hii usiifuate hata neno moja.

Nusu fainali imechezwa barua ikiwa bado imo kwenye mfuko wa aproni yangu, kwa sababu katibu wako alikuwa ametoka kwenda kutafuta mahali pa kuangalia mechi, akaishia kwangu. Mwalimu Mkuu naye alikuja. Alisema amekuja kuhakikisha tarehe haijadiliwi. Alikaa karibu yangu na mkoba mapajani, mgongo wima, hadi dakika za mwisho, tukiwa tunaongoza bao moja, mshambuliaji wao alipobaki peke yake na mwanangu. Mwalimu Mkuu akanishika mkono. Alama za kucha zake bado ninazo. Gundi akatoka golini, akajitupa miguuni mwa yule binti, akainuka na mpira kifuani. Mwalimu Mkuu akapanda juu ya meza yangu ya kukandia unga, na viatu vyake, akapiga kelele, "Huyo ni shemeji wa mwanangu! Huyo ni wa kwetu!"

Lakini aliyetangaza kwamba Jumamosi hakuna harusi si yeye. Ni mimi. Nilitangaza mbele ya mtaa mzima bila kumuuliza mtu, na nikangoja Mwalimu Mkuu anifokee. Alishuka mezani, akajipangusa unga, akasema, "Mtihani umeahirishwa." Bibi harusi alinirukia shingoni. Fundi friji alikaa sakafuni, akaomba chakula. Tabaka la chini la keki ya harusi lilikuwa limeshaiva, tukalikata hapo hapo, na katibu wako alikula vipande ambavyo sitavitaja. Meneja wa ukumbi amekubali Jumamosi tuweke televisheni kubwa mle ndani, wageni waje hivyo hivyo na nguo zao za harusi, na mjomba wa bibi harusi, anayetoka mbali, apewe kiti cha mbele. Harusi itafungwa atakaporudi msimamizi.

Naituma barua hivyo hivyo kwa sababu nimeshaisoma kwa sauti kwa watu wengi, nao wanasubiri majibu.

Ila kuna jambo moja la kweli. Baada ya mechi Gundi alipiga simu. Habari za huku hajazijua. Aliniuliza kama anaweza kukimbia kutoka uwanjani filimbi ikilia tu, na jezi yake, bila kungoja medali, apande ndege ya kwanza, ili hata kama harusi imekwisha amkute dada yake hajavua shela. Nilitaka kumjibu nikaanza kulia, nikampa mama yake simu, naye akashindwa, tukabaki tunapokezana simu hadi laini ikakatika. Tangu hapo hapatikani, nasikia kocha amewakusanyia simu zao hadi fainali.

Kwa hiyo nakuomba, na hili ndilo ombi langu pekee sasa, umwendee mwenyewe hapo hotelini. Mwambie dada yake hajakasirika. Mwambie harusi inamngoja. Mwambie baba amesema asirudi mapema.